SAFU YA MWALIMU: Jicho vivu halisubiri ndege

Mwezi huu tulikuwa tumeahidi kuandika juu ya daftari za watoto na namna ya kuzikinga na panya. Ahadi hiyo tunaomba isogee mbele kidogo, maana kuna jambo limetukuta shuleni ambalo lenyewe haliwezi kusogezwa.

Tunaye mtoto wa kike katika mwaka wa kwanza, ana miaka 6 na miezi kadhaa. Hatutamtaja jina. Mwaka ulipoanza tulimkalisha nyuma kwa sababu ni mrefu kuliko wenzake. Alikuwa anachelewa kunakili, anaruka mistari, anainamisha kichwa upande kama mtu anayetega sikio mlangoni. Sisi tukasema ni mvivu. Na hatukusema kimoyomoyo, tulisema mbele ya wenzake, na kuna siku tulimbakiza darasani saa ya mapumziko mpaka amalize kuandika. Tunalieleza hili kwa sababu wazazi wakikosea huwa tunawaandika humu, basi na sisi tujiandike.

Siku moja uwanjani watoto wanacheza mchezo wa kufungana macho. Mwenzake akamziba jicho la kushoto kwa kiganja, la kulia likabaki wazi. Yule mtoto akasimama hapo hapo, mikono mbele, kama mtu aliyeingia jikoni kuna moshi. "Mwalimu, huku hakuonekani vizuri." Tukadhani anatania. Tukaenda upande wa pili wa kiwanja, tukanyoosha vidole vitatu. Kwa jicho la kushoto akasema vitatu. Kwa la kulia akasema, "Mkono." Tukaliangalia lile jicho kwa karibu: jeupe, safi, mboni nyeusi, halina ukungu wala makengeza. Mtu yeyote angeapa kwamba linaona.

Mama yake alikuja nasi kwa mhudumu wa macho. Mtoto akapimwa kwa chati, akatiwa matone ya kupanua mboni, akachunguliwa ndani kwa ile tochi yao ndogo. Jibu likawa hivi: jicho la kulia linahitaji miwani yenye nguvu kuliko la kushoto, tangu utoto wake halijawahi kupeleka picha safi, na kwa hiyo ubongo umezoea kuliacha. Wataalamu wanaita ambliopia. Watu wengine wanasema jicho vivu. Akapata miwani. Kwa jicho la kulia alianzia mstari wa 6/36, maana yake kitu ambacho mwenye macho mazima anakitambua akiwa mita 36, yeye lazima asogee mpaka mita 6. Baada ya miezi minne ya miwani akafika 6/24, halafu akagota hapo. Mhudumu akasema sasa ni zamu ya kiraka: jicho la kushoto, lile zuri, lifunikwe masaa 2 kila siku ili la kulia lilazimike kufanya kazi.

Miwani baba yake alikuwa ameipokea vizuri, hata kwa kujivuna kidogo, eti binti yake amefanana na katibu wa ofisi. Kiraka alikikataa.

Tulimfuata nyumbani jioni. "Papa, ni masaa mawili tu," tukamwambia. Akatuuliza, "Mwalimu, mutoto wangu ana jicho moja zuri, na nyinyi munataka kulifunga hilo hilo?" Kisha akatueleza la pili, na hilo ndilo lilitufunga mdomo. Mdogo wake aliye Ulaya alimwambia kwa simu kwamba kule watoto wenye jicho vivu wanapigwa picha na mashine inayopima mpaka oksijeni iliyo ndani ya damu ya jicho. "Kule wanapima mpaka pumzi ya jicho. Hapa munabandika plasta kama kwenye tairi ya baiskeli. Faili yetu iko njiani. Tukifika watamupima muzuri. Tutangoja."

Hatukuwa na la kumjibu. Mashine hiyo hatukuwa tumeisikia. Tukamwomba wiki mbili twende tukasome, na haya ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika hapa kwa sababu tunajua si nyumba yake peke yake inayongoja.

Kwanza, mdogo wake hakudanganya. Mashine ipo.

Wengi mnakijua kile kibanio cha kidoleni pale kliniki. Mtoto akija na kichomi, anabanwa kidole, namba inatokea: 97, 94, na ikishuka chini ya 90 mhudumu anakimbilia oksijeni. Wakati wa korona mwaka 2020 kila mtu alikijua. Kile kibanio hakichomi wala hakichukui damu. Kinapitisha mwanga wa aina mbili kwenye kidole, mwekundu na mwingine ambao macho yetu hayauoni, kisha kinaangalia ni kiasi gani kimetokea upande wa pili. Mjapani mmoja mhandisi, Takuo Aoyagi, ndiye aliyeuanzisha ujanja huo miaka ya 1970. Siri iko kwenye rangi ya damu. Damu iliyobeba oksijeni ni nyekundu ya kung'aa. Damu iliyokwisha kuigawa ni nyekundu iliyokolea, karibu na rangi ya zambarau. Ukichukuliwa damu mkononi kwa kupimwa malaria au typhoid na ukashangaa mbona inaonekana nyeusi nyeusi kwenye sindano, ni hiyo: ni damu inayorudi, si inayokwenda.

Sasa, mwilini kuna mahali ambapo mtu anaweza kuitazama mishipa ya damu waziwazi bila kukata ngozi. Ni nyuma ya jicho. Ukichungulia kupitia mboni, unaona ukuta wa ndani unaoitwa retina, ambao ndio unaopokea picha, na juu yake mishipa imetambaa kama mizizi. Mingine inaleta damu, mingine inarudisha. Mjerumani Hermann von Helmholtz alipotengeneza chombo cha kuchungulia humo mwaka 1851, madaktari walipata dirisha ambalo hawakuwahi kuwa nalo. Na retina, ndogo na nyembamba hivyo, kwa uzito wake ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazokula oksijeni nyingi kuliko zote. Kuona ni kazi nzito, hata ukiwa umekaa kivulini.

Basi watafiti wakafikiri: kama mishipa inaonekana, na rangi ya damu inasema habari ya oksijeni, kwa nini tusipige picha tukapima? Huko Marekani, John Hickam na wenzake walijaribu hivyo mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye wataalamu wa Iceland, pale Reykjavik, kikundi cha daktari Einar Stefánsson, waliiendeleza njia hiyo kwa kamera na kompyuta. Kamera yao inapiga picha mbili kwa mpigo mmoja, kila moja kwa rangi yake ya mwanga. Moja ni ya nanomita 570, nyingine ya nanomita 600. Msishtuke na nanomita, ni namna tu ya kuitaja rangi kwa namba. Kwenye ile rangi ya kwanza, damu yenye oksijeni na isiyo nayo zinameza mwanga sawasawa, kwa hiyo mishipa yote inaonekana myeusi kwa kiasi kimoja. Kwenye rangi ya pili, damu isiyo na oksijeni inameza mwanga zaidi, kwa hiyo mishipa ya kurudisha inakuwa myeusi kuliko ile ya kuleta. Kompyuta inalinganisha picha hizo mbili na kutoa namba. Kwa watu wazima wenye macho yasiyo na ugonjwa, watafiti hao walipata kama asilimia 92 kwenye mishipa ya kuleta na kama 55 kwenye ya kurudisha.

Ile tofauti kati ya 92 na 55 ndiyo wanayoitafuta. Ni kama bohari la mgao. Ukijua gunia zilizoingia asubuhi na zilizobaki jioni, unajua watu wamebeba kiasi gani. Ila hapo kuna mtego, na sisi tuliufurahia kama walimu wa hesabu: lazima ujue pia magari mangapi yamepita. Damu ikitembea polepole, kila tone linakaa zaidi na linanyang'anywa oksijeni zaidi, hata kama retina haijala zaidi ya kawaida. Kwa hiyo namba ya oksijeni peke yake ni nusu ya hesabu.

Kipimo hiki kimewasaidia watafiti kuelewa magonjwa ya mishipa ya jicho, kwa mfano pale mshipa wa kurudisha damu unapoziba, au kwa wagonjwa wa kisukari. Na kwenye jicho vivu la mtoto? Huko kuna swali la zamani. Mhudumu akichungulia ndani ya jicho vivu, kwa kawaida anakuta retina inaonekana nzima kabisa, kama tulivyokuta sisi kwa nje. Tangu zamani imekubaliwa kwamba kasoro kubwa iko kwenye ubongo. Lakini mtafiti ana haki ya kuuliza: je, retina ya jicho lisilotumika vizuri inakula oksijeni sawa na ya mwenzake? Au nayo imepunguza matumizi, kama jiko la nyumba ambayo watu wamehama? Mtoto ana macho mawili, moja vivu na moja zima, kwa hiyo unaweza kulinganisha mtu na yeye mwenyewe. Ni swali zuri. Kulijibu si rahisi, maana mtoto anatakiwa atiwe matone, aweke kidevu mahali pake, atulie kabisa na kukazia macho alama moja, na jicho vivu mara nyingi ndilo lile lisiloweza kukazia. Atakayeweza kumtuliza mtoto wa miaka 5 kwa namna hiyo, tunamkaribisha darasani kwetu.

Tulipofika hapo katika kusoma kwetu ndipo tukaelewa tatizo la yule papa. Yeye alidhani mashine ni tiba, au angalau ni mlango wa tiba. Sivyo. Ni kipimo cha watafiti. Hata huko Ulaya, mtoto haambiwi ana jicho vivu kwa sababu ya namba ya oksijeni. Anaambiwa kwa chati ya herufi, kila jicho kwa zamu yake, na kwa matone na kwa miwani, yale yale aliyofanyiwa binti yake hapa. Na mashine ikijibu hivi au vile, mtoto anarudi nyumbani na miwani na kiraka. Kiraka cha huko kina picha za wanyama. Cha hapa ni kitambaa. Jicho lililofunikwa halijui tofauti.

Lile swali lake la kwanza, la kufunga jicho zuri, hilo lilikuwa zito zaidi na tunataka tulijibu vizuri.

Watafiti wawili, David Hubel na Torsten Wiesel, walifanya majaribio Marekani miaka ya 1960. Walifunga kope za jicho moja la paka wadogo kwa muda wa wiki kadhaa, kisha wakafungua. (Tunajua wako watakaowahurumia paka. Na sisi tuliwahurumia.) Jicho lenyewe lilikuwa karibu zima. Lakini walipopima ubongo, chembe zilizotakiwa kupokea habari kutoka jicho lile zilikuwa hazilijibu tena, nyingi zilikuwa zimehamia upande wa jicho lililobaki wazi. Wakafanya hivyo hivyo kwa paka wakubwa, hakuna kilichobadilika. Yaani kuna majira ya utotoni ambapo ubongo unagawa viwanja. Jicho lisilopeleka habari safi katika majira hayo linanyimwa kiwanja, na lile linalopeleka linachukua vyote. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Kwa hiyo, papa, jicho la kulia la binti yako si kwamba halina nguvu. Limenyang'anywa nafasi, na aliyekaa kwenye nafasi hiyo ni lile la kushoto. Tukilifunika la kushoto masaa machache, ubongo unakosa pa kukimbilia, unalazimika kumsikiliza yule aliyepuuzwa. Hatulifungi kwa sababu ni baya, tunalipumzisha ili mwenzake ale. Na ndiyo, mtu akizidisha, akafunika kutwa nzima wiki na wiki bila kurudi kupimwa, lile zuri nalo linaweza kushuka. Ndiyo maana masaa yanahesabiwa na tarehe za kurudi zinaandikwa kwenye kadi. Hofu yake haikuwa ya kijinga.

Kuhusu masaa, kikundi cha watafiti wa macho ya watoto huko Marekani Kaskazini kilitoa matokeo mwaka 2003. Watoto wa chini ya miaka 7 ambao uvivu wa jicho lao ni wa kadiri, kama huyu wetu wa 6/24, waligawanywa: wengine walifunikwa masaa 2 kwa siku, wengine 6. Wote walitakiwa kufanya kazi ya karibu, kama kuchora au kusoma, angalau saa moja wakiwa wamefunikwa. Baada ya miezi minne makundi yote mawili yalikuwa yamepanda sawa, kwa wastani mistari miwili na zaidi kidogo kwenye chati. Hao hao mwaka 2002 walikuwa wameonyesha kwamba matone ya atropini kwenye jicho zuri, yanayolitia ukungu kwa muda, yanakaribia kiraka kwa mafanikio. Hiyo ni njia ya mtoto anayebandua kiraka kila ukigeuka. Lakini atropini inatolewa na mhudumu wa macho tu, na chupa yake iwekwe juu kabisa. Ni sumu mtoto akiinywa.

Kisha kuna umri. Hapa ndipo tulipoona aibu kwa kuomba wiki mbili, ingawa wiki mbili si nyingi. Mwaka 2005 walipima watoto wakubwa, wa miaka 7 mpaka 17. Kati ya wale wa miaka 7 mpaka 12 waliopewa tiba kamili, kama 53 kwa kila 100 walipata nafuu ya kuonekana, na wale waliopewa miwani tu walikuwa 25 kwa 100. Kwa wa miaka 13 na kuendelea, tiba kamili na miwani peke yake zilikuwa karibu sawa, kama robo tu, isipokuwa wale ambao hawakuwahi kutibiwa kabla, hao kiraka kiliwasaidia zaidi. Kwa hiyo mwenye mtoto wa miaka 10 asikate tamaa akasema treni imepita. Aende. Ila mwenye wa miaka 4 au 6 anashika kitu ambacho mwenye wa miaka 13 anakitafuta kwa shida.

Na faili? Sisi hatutukani faili ya mtu. Kila nyumba ina yake, na zetu zipo humo humo. Lakini Januari 2025 tuliona wenyewe safari za Marekani zinafutwa, na watu wamekwisha kuuza sufuria. Hakuna anayeweza kumwambia mwenzake ndege ni mwezi gani. Umri wa mtoto tunaujua mpaka siku.

Tulirudi kwa papa tukiwa na haya yote kwenye karatasi. Alisikiliza, akauliza vizuri kuhusu oksijeni, akacheka ile habari ya bohari. Lakini karatasi haikumgeuza. Kilichomgeuza ni maharage. Mama alikuwa anachambua maharage ya mgao kwenye ungo. Tukamwomba mtoto asaidie, akiwa amevaa miwani yake. Kwa macho mawili alitoa vijiwe vyote, haraka kuliko mama. Tukafunika jicho la kulia, akaendelea vile vile. Tukafunika la kushoto. Akapunguza mwendo. Akasogeza uso mpaka pua ikaribie ungo. Akatupa maharage mawili, akaacha vijiwe vitatu, na akasema amemaliza. Baba yake alivuta ungo, akavitazama vile vijiwe. Muda mrefu hakusema kitu. Kisha akauliza, "Tangu lini?" Tukamjibu kwamba huenda tangu kuzaliwa. Akasema, "Na miye nilimupiga kwa kumwaga maji."

Kiraka kilianza Jumatatu iliyofuata. Masaa yake ni saa mbili mpaka saa nne asubuhi, darasani, mbele, karibu na ubao. Sio nyuma tena. Siku ya kwanza wavulana wawili walimwita jambazi. Tulichofanya si kuwachapa. Tulikata vitambaa, darasa zima tukafunika jicho moja wakati wa kusoma, na mwalimu pia. Sasa kuna wanaolia kwa kuwa kiraka si chao. Nyumbani siku za Jumamosi na Jumapili anafunikwa akichambua maharage, ndiyo kazi ya karibu tuliyonayo, na mama anasema hajawahi kupata maharage safi hivi kufikia wiki ya tatu.

Wazazi, hebu mjaribu nyumbani. Mtoto mchanga au asiyejua kusema: funika jicho moja kwa kiganja wakati anatazama kitu anachokipenda, kisha lingine. Akivumilia ukifunika la upande mmoja, lakini akalia na kusukuma mkono ukifunika la pili, basi lile lililobaki wazi lina shida. Mtoto wa shule: chora herufi E nyeusi kwenye karatasi nyeupe, urefu milimita 17 na nusu na upana huo huo. Mistari mitatu na nafasi mbili, kila kimoja milimita 3 na nusu. Mweke mita 6, mahali penye mwanga wa kutosha, jicho moja limefunikwa vizuri bila kubonyezwa. Geuza karatasi juu, chini, kushoto, kulia, naye aonyeshe kwa mkono miguu ya E inaelekea wapi. Anayeshindwa kwa jicho moja au yote mawili, hiyo ni 6/12, apelekwe kupimwa. Msitosheke kwa kufanya macho mawili pamoja, maana jicho zuri linamficha mwenzake. Sisi lilitudanganya muhula mzima. Mwenye makengeza asiambiwe yataisha yenyewe akikua. Na mkiona mboni ya mtoto inang'aa nyeupe, iwe kwenye picha ya simu au kwenye mwanga wa taa, msisubiri hata kesho. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, na inaweza kuwa saratani ya jicho, ambayo ikiwahiwa mtoto anapona.

Msiweke dawa ya majani wala maziwa ya mama kwenye jicho vivu. Haliumwi kwa nje.

Karatasi za E zilizokatwa kwa kipimo sahihi zipo shuleni, tumechora 40 kwa mkono na rula moja, kwa hiyo mtuvumilie zikipinda kidogo. Walimu watapima watoto wa miaka 3 mpaka 12 kila Jumamosi asubuhi chini ya mwembe wa shule, kuanzia Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Hata wasiosoma kwetu waje. Majina ya watakaoshindwa tutayapeleka kwa mhudumu wa macho siku hiyo hiyo. Yule papa ameomba awe ndiye mshika karatasi upande wa mita 6, na tumemkubalia.

Habari ya daftari na panya itakuja mwezi ujao.